Dereva Mpya na Kazi ya Kusimama: Hotuba kwa Vijana wa Malori ya Masafa Marefu, Tanga

Hotuba hii niliitoa katika ukumbi mmoja wa Ngamiani, jijini Tanga, mbele ya vijana wanaoanza kuendesha malori ya masafa marefu, wazazi wao, wake zao na baadhi ya matajiri wa magari. Wengi wa waliokusudiwa walikuwa njiani siku hiyo, kwa hiyo naiweka hapa yote kama ilivyosemwa.

Wazee wangu, mama zangu, matajiri mliotuheshimu kwa kuja, na ninyi vijana ambao mkutano huu ni wenu, nawasalimuni nyote kwa amani.

Kila mtu wa Tanga anaona kwa macho yake jinsi mji huu unavyobadilika. Kwa miaka mingi meli kubwa zilikuwa zikitia nanga mbali na gati, shehena ikashushwa kwenye matishari na kuvutwa hadi nchi kavu. Siku hizi kina kimechimbwa, gati imeboreshwa, meli zinafunga ukutani, na malori yanayotoka bandarini ni mengi kuliko niliyoyakuta mimi nilipoingia katika kazi hii. Ongeza hapo saruji ya Pongwe na mkonge wa mashamba yetu, mtaelewa kwa nini vijana waliokuwa utingo, na wengine waliokuwa wakiendesha Fuso na daladala, wamepata leseni ya daraja E na kukabidhiwa semi tela. Jambo hili linanifurahisha sana. Linanitia hofu pia, kwa sababu nawafahamu walioiacha kazi hii kabla ya kutimiza mwaka, na wapo tuliowazika.

Nawauliza, vijana wangu: ni nini kilichowashinda wale walioacha? Je, ni usukani? Je, ni gia? Je, ni kurudi nyuma na tela katika uwanja mwembamba? Hayo yote mtu huyajua baada ya muda, na asiyeyajua huonekana mapema akarudishwa kujifunza. Kilichowashinda ni kusimama. Hawakujua wakati wa kusimama ili walale, hawakujua kusimama kabla ya mteremko, hawakusimama kando ya gari lilipokuwa likipakiwa, na walipolazimika kusimama kwenye foleni ya mpakani hawakujua wafanye nini na nafsi zao. Leo nitazungumza juu ya kusimama tu, na naomba mnivumilie, kwa sababu gari lililojaa mzigo likikosa kusimama panapostahili, habari zake huletwa nyumbani na watu wengine.

Nianze na usingizi, na hapa nitakaa kwa muda.

Kijana mmoja wa hapa hapa Tanga alipata safari ya Rusumo, mpakani na Rwanda. Aliamka alfajiri, akaswali, akaenda kupakia. Upakiaji ukachukua siku nzima, kama mnavyojua, mara karatasi hazijakamilika, mara wapakiaji wamekwenda kula. Magharibi ilipoingia gari likawa tayari, na yeye, kwa furaha ya safari ya kwanza ya peke yake, akaondoka. Segera akapita, Chalinze akapita, Morogoro akapita. Ilipofika saa 10 usiku alikuwa ameipita Gairo, utingo wake amelala kitandani nyuma ya kiti, barabara nyeupe haina mtu. Anasema hakuhisi kusinzia hata kidogo. Alichokisikia ni chupa ya maji iliyokuwa karibu na kiti cha abiria ikiporomoka na kubingirika sakafuni hadi kwenye mguu wake, na ndipo alipofumbua macho, akakuta matairi ya kushoto yapo kwenye changarawe. Hebu tuelewane hapo: alipofumbua macho. Mtu ambaye hakujua kuwa alikuwa ameyafumba.

Kilitokea nini? Kijana huyu hakuwa mlevi wala mzembe. Alikuwa macho tangu alfajiri ya siku iliyotangulia. Mwaka 1997 watafiti wa Australia, Drew Dawson na Kathryn Reid, walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho kwa saa 17 hufanya kazi kama mtu mwenye kileo cha asilimia 0.05 katika damu, kiwango ambacho katika nchi nyingi dereva akipimwa nacho anashushwa kwenye gari. Akifikisha saa 24 hali yake hulingana na mwenye kileo cha asilimia 0.10. Kwa hiyo kijana wetu, ambaye hajawahi kuonja pombe maishani mwake, alikuwa akiendesha gari lenye tani nyingi katika hali ya mlevi. Na siku yake ya kazi ilianza kuhesabika alipoamka. Saa za kusubiri mzigo ni saa za kuwa macho kama saa nyingine zote, ingawa matajiri wengi huanza kuhesabu gari linapotoka getini. Matajiri, naomba mlisikie hilo.

Tena mwili wa binadamu una saa yake. Kuanzia saa 8 usiku hadi kama saa 11 alfajiri mwili unataka kulala, hata kama ulilala mchana. Alasiri, kati ya saa 8 na saa 10, hulegea tena kidogo. Kijana anayeanza hulipuuza jambo hili kwa sababu ana nguvu, na nguvu za ujana hazizuii kope kufumba. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa, ambao ndio mwisho wa mwendo wa gari kubwa kwa sheria yetu, hutembea zaidi ya mita 22 kwa sekunde 1. Ukisinzia sekunde 4, umekwenda karibu mita 90 bila dereva. Wapenzi wa mpira mliomo humu, hiyo ni kama kutoka goli moja hadi kukaribia la pili pale Mkwakwani.

Basi tufanye nini? Wapo wanaofungua dirisha, wapo wanaopandisha muziki, wapo wanaotafuna chochote. Hayo yote hukuchangamsha kwa muda mfupi tu, nao usingizi unabaki pale pale ukikusubiri. Dawa ya usingizi ni usingizi. Egesha mahali penye mwanga na watu, weka breki ya mkono, zima injini, lala dakika 20. Ukiamka usiondoke mbio. Shuka, zunguka gari, nawa uso, kichwa kitulie. Kikombe cha kahawa chungu kinasaidia, hasa ukikinywa kabla ya kulala zile dakika 20, maana kahawa huchukua kama nusu saa kufanya kazi na itakukuta unaamka. Lakini kahawa haiwezi kuchukua nafasi ya usiku mzima. Huko Ulaya, kwa sheria yao ya mwaka 2006, dereva wa lori akiendesha saa 4 na nusu analazimika kupumzika dakika 45, na kifaa kilichomo garini kinaandika kila kitu. Ninyi hamna kifaa hicho. Ninyi nunueni daftari. Andika saa uliyoamka, saa uliyoanza kuendesha na saa uliyosimama, kila siku, kwa mkono wako, katika miezi hii ya mwanzo ambayo mwili bado haujazoea. Baada ya safari chache daftari litakuonyesha ni saa ngapi wewe huchoka, na hakuna mwalimu atakayekuambia hilo kwa usahihi kama mwandiko wako mwenyewe.

Sasa niwapeleke Kitonga.

Mnaotoka Iringa na mzigo kuja pwani mnaijua ile milima kabla ya kufika Ruaha Mbuyuni, kona zimebanana, ukuta wa mawe upande mmoja na korongo upande wa pili. Mzee mmoja wa kwetu, aliyefundisha wengi, alikuwa akishuka hapo na kijana aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza njia ya Tunduma. Kabla mteremko haujaanza, mzee aliegesha. Kijana akashangaa, kwa maana gari halikuwa na tatizo lolote. Mzee akachukua kipande chake cha nondo akaanza kuyagonga matairi moja baada ya jingine, yote 22, huku ameinamisha kichwa akisikiliza. Tairi lililojaa vizuri hurudisha nondo na kulia kwa sauti kali; lililopungua upepo hutoa sauti iliyokufa. Akatazama mishale ya upepo wa breki. Akahakikisha pini ya tela imekaa. Kisha akapanda, akaingiza gia ndogo kabla gari halijaanza kuteremka, akaweka breki ya ekzosi, ile inayozuia moshi wa injini ili gari lipungue mwendo, wakashuka polepole kiasi kwamba magari ya nyuma yakawa yanawapigia honi. Kijana aliona aibu. Mzee hakugeuza hata shingo.

Walipofika bondeni mzee aliegesha tena, akamwambia kijana apitishe nyuma ya kiganja karibu na kila gurudumu bila kuligusa. Gurudumu la kwanza lina vuguvugu, la pili vuguvugu, la tatu vuguvugu. Kwenye tela, ekseli ya mwisho, yaani mhimili wa mwisho wa magurudumu, upande wa kulia, kijana aliurudisha mkono haraka. Breki ya gurudumu lile ilikuwa imeng'ang'ania. Ingeendelea hivyo mpaka Mikumi, tairi lingeweza kushika moto. Nani angelijua hilo akiwa amekaa juu ya kiti?

Vijana wangu, naomba mwelewe kinachotokea ndani ya gurudumu. Kila unapokanyaga breki, mwendo wa gari hugeuka kuwa joto katika ngoma ya breki. Ngoma ikipata moto sana hutanuka, ikajitenga na viatu vya breki, na viatu vyenyewe hupoteza uwezo wa kukamata. Hapo utakanyaga hadi sakafuni na gari litaendelea kwenda. Ndiyo sababu injini na gia ndogo ndizo zinazopaswa kulishika gari mteremkoni, nayo breki ya mguu iwe ya kusaidia. Na ndiyo sababu tabia ya kuteremka na nyutro, yaani bila gia, eti kubana mafuta, ni tabia ya kuua watu. Nimeona ikifundishwa kwa vijana kana kwamba ni ujanja. Atakayekufundisha hivyo, hata akiwa na miaka mingi barabarani, mkatalie. Kitonga, Sekenke kule Singida, mteremko wa Iwambi pale Mbeya, kote huko mnayaona mabaki kando ya barabara. Kuna maneno mawili ambayo madereva wetu wamekuwa wakiyaandika kwenye mabodi ya malori tangu zamani: kawia ufike. Ukiyaona mbele yako, kaa nyuma ya gari hilo.

Jambo la tatu nitalipita kwa haraka zaidi, nalo ni kusimama wakati wa kupakia. Wengi mnadhani kupakia ni kazi ya wapakiaji, kwa hiyo ninyi mnakwenda kunywa chai. Kijana mmoja alipakia mifuko 600 ya saruji, ambayo kwa kilo 50 kila mfuko ni tani 30. Gari na mzigo kwa jumla lilikuwa ndani ya sheria. Alipofika mizani ya Mikese, panapopimwa uzito wa malori, akaambiwa ekseli za nyuma za kichwa, yaani ile sehemu ya mbele yenye injini inayovuta tela, zimezidi. Akabishana, akaonyesha karatasi ya uzito wa jumla, akakasirika. Lakini sheria ya uzito wa magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ambayo hapa kwetu ilianza kutumika mwaka 2019, inatazama jumla na inatazama pia kila kundi la ekseli: tani 8 mbele, tani 18 kwa ekseli mbili za kichwa, tani 24 kwa ekseli tatu za tela. Ukijumlisha unapata 50. Mifuko ilikuwa imerundikwa mbele ya tela, ikaelemea kichwa. Ikabidi atafute watu, wahamishe mifuko kwa mgongo kwenda nyuma, mifuko 20 kwa kila tani moja, juani, na malipo yakatoka katika posho yake. Angesimama pale tangu mfuko wa kwanza akawaambia waupange mzigo sawasawa, lisingemkuta hilo. Na akiwa hapo hapo angetazama pia turubai na kamba, na kama ni mzigo wa nje ya nchi angelinganisha namba ya lakiri iliyo mlangoni na iliyo kwenye karatasi, maana tarakimu moja tofauti inaweza kumlaza mpakani.

Nimetaja mpakani, na huko ndiko hasa vijana wengi hukata tamaa. Mtu amezoea kufikiri kwamba dereva anaendesha. Hakuna aliyemwambia kwamba dereva anasubiri. Anasubiri Tunduma, anasubiri Kasumbalesa, anasubiri kushusha, anasubiri mzigo wa kurudi. Siku ya kwanza ya foleni ni mapumziko, siku ya pili ni uvivu, siku ya tatu posho imeanza kuisha na kichwa kimeanza kusikiliza maneno ya watu. Usiku mtu atakuja dirishani, atakuita mkubwa, atakuulizia una lita ngapi za ziada. Kijana mmoja, mtoto wa watu wanaoheshimika, alikubali kunyonywa mafuta kidogo ili ale. Hakuwa mwizi alipotoka Tanga. Alikuwa na njaa, alikuwa peke yake, na hakuwa amepanga jinsi ya kusubiri. Kifaa cha kupimia mafuta kwenye tangi kikaonyesha, kazi ikaisha, na jina lake likamtangulia kwa matajiri wengine.

Kwa hiyo jipangieni. Posho igaweni kabla ya kuondoka, sehemu ya njia na sehemu ya foleni, na ile ya foleni isiguswe kabla ya foleni. Bebeni jiko dogo, mchele, maharage, dagaa na maji ya kutosha. Kula chipsi kila siku kutawaletea uzito na maradhi kabla ya umri. Bebeni chandarua, kwa sababu ndani ya kichwa cha gari mbu wanaingia kama wanavyoingia nyumbani. Tembeeni kila siku, maana kiti kinaua mgongo. Na niseme waziwazi mbele ya wazee wetu, kwa sababu kunyamaza kumetugharimu: kwenye vituo vya njiani upweke huwasukuma wengi kwenye mahusiano yanayoleta Ukimwi majumbani. Pimeni, jikingeni, na msione haya kuingia zahanati.

Mama zangu na dada zangu, sasa nageukia upande wenu. Mke wa dereva mmoja wa Mikanjuni alinieleza jinsi ndoa yao ilivyotaka kuvunjika katika miezi ya mwanzo. Mume alipiga simu alipokuwa kwenye foleni, hana la kufanya, wakazungumza saa nzima. Akishaanza safari, kimya siku mbili. Mke akaingiwa na wasiwasi, akawa anapiga yeye, na kila alipopiga, mume alikuwa kwenye usukani. Ama hakupokea, wakagombana, ama alipokea huku anaendesha, na hilo ni baya zaidi. Walichofanya ni kukubaliana saa. Kila siku, akishaegesha na kabla hajalala, mume anapiga, hata kama ni kwa dakika tatu. Mchana mke hapigi. Akiwa na jambo anaandika ujumbe, naye anausoma anaposimama. Mshahara unabaki nyumbani, posho inabaki njiani. Magomvi yakaisha? Hayakuisha yote. Lakini wasiwasi ulipungua, na mume akawa anasimama kila jioni, kwa sababu anajua kuna mtu anayesubiri simu.

Na kijana akirudi nyumbani, mpeni siku ya kwanza alale. Watoto wataambiwa baba amepumzika, wataelewa. Nawe kijana, siku ya pili amka, mpeleke mtoto shule, nenda kawasalimu wazee, na usianze kubadilisha taratibu za nyumba ambayo mwenzako ameiendesha peke yake kwa wiki nzima. Hilo nalo linahitaji kujifunza kama unavyojifunza njia.

Nimebakiza matajiri. Haya yote niliyoyasema hayawezekani ikiwa kijana anaogopa simu yenu kuliko anavyoogopa korongo la Kitonga. Gari likisimama usiku mnaliona kwenye simu zenu, mnapiga, mnauliza kulikoni. Dereva mpya hana ujasiri wa kuwajibu, kwa hiyo anawasha gari. Vijana, nawapa maneno ya kuandika, yaandikeni sasa hivi kwenye simu zenu: "Tajiri, nimeegesha Manyoni, mahali penye mlinzi. Nimeendesha tangu asubuhi, nalala. Nitaondoka saa 11 alfajiri. Mzigo na matairi vipo sawa." Tumeni ujumbe huo kabla hamjaulizwa, kila usiku. Nanyi matajiri, nawaomba mjibu kwamba mmepokea na mmekubali, na posho ya foleni muihesabu kwa siku ambazo foleni huchukua kweli, wala si kwa siku mnazotamani ichukue.

Nimeona wawili wenu mmeandika. Naomba nishuke, mwenyekiti awape nafasi matajiri wazungumze mbele ya vijana hawa hawa, kwa sababu baadhi yao wanapakia kesho asubuhi na wangependa kujua jibu kabla hawajaondoka.